Ute wa bakteria unavyosafisha maji

YEYOTE aliyewahi kupika mrenda au bamia anaujua utelezi unaovutika kama uzi pindi mwiko unapoinuliwa kutoka chunguni. Utelezi huo ni polisakaridi, yaani mnyororo mrefu wa molekuli za sukari zilizoshikamana moja baada ya nyingine. Wanga wa mahindi ni polisakaridi vilevile, na hata pamba ya shati, ingawa hiyo haitelezi wala hailiki. Tofauti zote hizo hutokana na aina ya sukari iliyotumiwa, namna vipande vyake vilivyounganishwa, na viungo vidogo vidogo vilivyoning'inia kando ya mnyororo.

Bakteria nao hutengeneza polisakaridi. Wengi wao huzitoa nje ya seli zikawa ute unaowazunguka. Ndio utelezi wa jiwe la mtoni unaomwangusha mchota maji asiyekuwa mwangalifu, na ndio utando unaohisiwa na kidole ndani ya mtungi ambao haujasuguliwa kwa siku kadhaa. Kwa zaidi ya karne moja na nusu ute huo umekuwa ukisafisha maji ya miji mikubwa duniani, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wenye mitambo hawakujua ni nini hasa kinachowafanyia kazi. Katika miongo ya karibuni wanasayansi wamejaribu kuuvuna, kuukausha na kuutia maguniani ili uchukue nafasi ya shabu na kemikali nyinginezo. Makala haya yanaeleza jinsi bakteria wanavyoutengeneza, sifa zinazoufanya ufae, na kwa nini hadi leo manufaa yake makubwa zaidi yanapatikana pale ambapo haujavunwa kabisa.

Tope lisilotua

Msimu wa mvua za masika unapowadia, mito yetu hugeuka rangi. Tana, Nzoia na Athi hubeba udongo wa mashamba, na anayechota humo hulazimika kusubiri maji yatulie. Chembe za mchanga hutua chini ya ndoo kwa dakika chache. Za udongo wa mfinyanzi hazitui. Chembe yenye upana wa mikromita 1, yaani sehemu moja ya 1,000 ya milimita, huchukua takriban siku 13 kushuka mita moja katika maji yasiyotikisika. Iliyo ndogo kuliko hiyo mara kumi ingehitaji zaidi ya miaka mitatu.

Udogo si sababu ya pekee. Nyuso za chembe hizo zina chaji hasi ya umeme, na vitu vyenye chaji ya namna moja hufukuzana. Lau zingegusana zingeshikamana, zikawa bonge zito, likazama. Lakini kila zinapokaribiana husukumana. Bakteria na virusi vingi vya maradhi vina chaji hiyo hiyo na huelea pamoja nazo. Hii ndiyo maana maji yenye tope si suala la rangi tu. Klorini inayotiwa humo hutumika ikipambana na uchafu, na viini vilivyojibanza kati ya chembe huponea humo humo.

Dawa ya kawaida ni shabu. Ile inayotumiwa katika mitambo ya maji ni salfeti ya aluminiamu, ndugu wa shabu ya mawe meupe inayouzwa madukani. Ikiyeyuka, aluminiamu yenye chaji chanya huzifuta chaji hasi za udongo, kisha sehemu yake huganda kama uji mwepesi unaozoa chembe unaposhuka. Katika mitambo kama ule wa Ng'ethu, unaosafisha sehemu kubwa ya maji ya Nairobi, kazi ya kugandisha tope kwa njia hii hufanyika kabla ya maji kufika kwenye machujio. Wengine hutumia mbegu za mlonge, ambazo protini yake ina chaji chanya na hufanya kazi inayokaribiana na hiyo.

Kuna njia ya pili ya kuzikusanya chembe: kuzifunga kwa kamba. Molekuli ndefu sana inayoshika chembe moja upande huu na nyingine upande ule huziunganisha kama daraja, hata kama chaji zake hazijafutwa zote. Viwandani kamba hiyo mara nyingi ni poliakrilamaidi, plastiki inayoyeyuka majini. Tatizo lake ni mabaki ya akrilamaidi, kemikali ambayo haijaungana wakati wa utengenezaji. Kemikali hiyo hudhuru neva, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka miongoni mwa vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 0.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Aidha, kamba hiyo ya plastiki huchukua muda mrefu kuoza. Hapo ndipo macho ya watafiti yalipogeukia ute wa bakteria, ambao ni kamba ndefu vilevile, lakini ya sukari.

Kiwanda ndani ya seli

Ute huu ulianza kuchunguzwa kwa sababu ya hasara. Mnamo 1861 Louis Pasteur wa Ufaransa alieleza kwamba utelezi unaoharibu vinywaji na maji ya sukari ni kazi ya vijidudu. Mwaka 1878 mwenzake Philippe van Tieghem alimpa mmojawapo jina la Leuconostoc mesenteroides. Kijidudu hicho hutengeneza polisakaridi iitwayo dekstrani. Wenye viwanda vya sukari wanamjua adui huyu hata leo: miwa ikikaa kwa siku nyingi baada ya kukatwa, dekstrani huongezeka ndani yake, maji ya miwa yakawa mazito, na sukari ikakataa kuganda vizuri.

Namna sukari zinavyoungwa haikufahamika hadi karibu na mwaka 1950. Luis Leloir, mwanasayansi wa Argentina, aligundua kwamba seli haiungi sukari ikiwa tupu. Kwanza huifunga kwenye molekuli nyingine ibebayo nishati, inayojulikana kwa kifupi kama UDP. Sukari iliyofungwa hivyo ni sawa na tofali ambalo tayari limepakwa saruji: kimeng'enya hulichukua na kulibandika mwishoni mwa mnyororo, nishati ikatumika na UDP ikaachwa iende kufunga sukari nyingine. Kwa kazi hiyo Leloir alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1970.

Kutengeneza mnyororo ni jambo moja. Kuutoa nje ni jingine. Seli ya bakteria imezungukwa na utando wa mafuta, na mafuta hayapitishi kitu kinachopenda maji kama sukari. Bakteria wameitatua shida hii kwa njia zaidi ya moja. Wako wanaojenga kipande kifupi cha sukari nne au tano juu ya molekuli ya mafuta iliyo upande wa ndani wa utando, kisha kipande hicho hupinduliwa hadi upande wa nje, na huko kikaungwa na vingine kuwa mnyororo. Hivi ndivyo zanthani, ambayo tutaitaja tena, inavyotengenezwa. Wengine humaliza mnyororo mzima ndani halafu wakausukuma nje kwa pampu maalumu. Katika utengenezaji wa selulosi, kimeng'enya kilichokaa katikati ya utando huunga sukari upande wa ndani huku kikiupitisha mnyororo nje kupitia tundu lake chenyewe, mithili ya mfumaji anayefuma ukili huku akiusogeza mbele. Nao watengenezaji dekstrani wameikwepa shida yenyewe: hutema kimeng'enya nje, nacho huikata sukari ya miwa huko huko na kuiunga.

Kazi hii ina gharama, kwa hiyo bakteria hawaifanyi wakati wote. Mwaka 1987 kikundi cha Moshe Benziman, wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, kilitangaza kupata molekuli ndogo inayowasha utengenezaji wa selulosi katika bakteria. Baadaye ilibainika kwamba molekuli hiyo imo katika bakteria wa aina nyingi mno na huamua jambo kubwa la maisha yao. Ikiongezeka, bakteria huacha kuogelea, hutulia mahali na kujifunika ute. Ikipungua, huchomoka na kwenda zao. Chakula nacho kina usemi. Sukari inapokuwa tele huku naitrojeni ikiwa haba, bakteria wengi hushindwa kuzaana kwa kasi, na ile sukari ya ziada huigeuza ute. Mtafiti anayetaka ute mwingi huwalisha kwa kipimo hicho hasa.

Faida kwa bakteria mwenyewe ni dhahiri. Ute huhifadhi maji wakati wa ukame, humshikiza pahali penye chakula, hunasa virutubishi vinavyopita na huzuia sumu isimfikie upesi. Azotobacter, bakteria wa udongoni anayenasa naitrojeni ya hewani, hutengeneza aljineti, polisakaridi ambayo watu walizoea kuipata kutoka mwani wa baharini. Naye Xanthomonas campestris, anayesababisha uozo mweusi wa kabichi na sukuma wiki, ule unaoanza kama pembe ya manjano kwenye ukingo wa jani, hutoa zanthani. Ute wa adui huyu wa mkulima ulichunguzwa na Allene Jeanes na wenzake katika maabara ya serikali ya Marekani mjini Peoria, na mwaka 1969 ukaidhinishwa nchini humo kutiwa katika chakula. Hivi leo hutumiwa duniani kote kuzitia uzito rojo na sosi. Mkulima akiona jani lililooza, hana habari kwamba kitu kile kile kimo katika chupa ya sosi mezani pake.

Sifa zinazofaa

Si kila ute unafaa kusafisha maji. Wa kwanza kufaa ni ule ulio mrefu. Uzito wa molekuli za baadhi ya polisakaridi hizi ni mamilioni ya mara ya uzito wa atomu ya haidrojeni, na kadiri mnyororo unavyorefuka ndivyo unavyoweza kushika chembe nyingi zaidi kwa pamoja. Mnyororo mfupi hujibandika kwenye chembe moja na kuishia hapo.

La pili ni viungo vya kando. Aljineti, kwa mfano, imejengwa kwa sukari ambazo kila moja ina kiungo cha asidi chenye chaji hasi. Msomaji makini atauliza: ikiwa udongo una chaji hasi, na ute nao una chaji hasi, vitashikana vipi? Jibu ni kalisi. Atomu ya kalisi iliyoyeyuka majini ina chaji chanya mbili, na hivyo huweza kushika ute kwa mkono mmoja na chembe ya udongo kwa mwingine, au kufunga minyororo miwili ya ute ikawa wavu. Ndiyo sababu ute wenye chaji hasi hufanya kazi vyema katika maji yenye kalisi ya kutosha na huzembea katika maji laini. Ute usio na chaji kama dekstrani hauna nguvu hiyo.

Viungo hivyo vya asidi hushika pia metali nzito. Risasi, shaba na kadimiamu huwa na chaji chanya zikiwa majini, nazo hunata kwenye ute kama kalisi inavyonata, aghalabu kwa nguvu zaidi. Zoogloea ramigera, bakteria wa majitaka anayeishi ndani ya bonge la ute, alichunguzwa sana tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya tabia hii, na majaribio ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba anaweza kunasa kiasi kikubwa cha shaba. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kunasa si kuangamiza. Metali iliyotoka majini sasa imo katika tope, na tope hilo linahitaji mahali salama pa kuwekwa. Anayelimwaga shambani amehamisha sumu tu.

Kutoka maabara hadi gunia

Tangu miaka ya 1980 majarida ya sayansi yamejaa taarifa za bakteria wapya wenye ute unaogandisha tope. Wamepatikana udongoni, baharini na katika majitaka ya viwanda. Namna ya kuwapima karibu haibadiliki: mtafiti huchanganya unga wa kaolini, ule udongo mweupe wa vyombo vya kauri, na maji safi, akatia ute na kalisi kidogo, akakoroga, kisha akapima jinsi maji ya juu yalivyotakata. Wengi hupata matokeo ya kupendeza, na taarifa nyingi huishia na matumaini kwamba shabu itapata mshindani. Miongo imepita, na shabu bado imekalia kiti chake. Kwa maoni yangu sababu zake ni za kawaida mno, na zinastahili kuelezwa waziwazi kuliko zinavyoelezwa.

Kwanza, bakteria hula. Kilo moja ya ute hutokana na zaidi ya kilo moja ya sukari, na juu yake kuna vyombo visivyoingiza vijidudu vingine, umeme wa kukoroga na hewa ya kupuliziwa. Kadiri ute unavyoongezeka ndivyo maji yanavyozidi kuwa mazito kama uji, oksijeni ikashindwa kupenya, na bakteria wakalegea kazini. Kuutenga ute humiminiwa alkoholi nyingi, ambayo nayo lazima ikusanywe tena. Kutumia molasi au maji machafu ya viwanda vya pombe na chakula badala ya sukari hupunguza gharama, ila huleta uchafu mwingine unaohitaji kuondolewa. Zanthani inauzwa kwa faida kwa sababu kijiko chake kimoja hutosha sufuria kubwa ya rojo na mlaji hulipa bei ya chakula. Maji ya mji hupimwa kwa maelfu ya mita za ujazo kila siku, na hakuna anayekubali kuyalipia bei ya sosi.

Pili, maji ya mto si kaolini katika maji safi. Yana majani yaliyooza, mwani, chumvi za aina aina, na hubadilika baada ya mvua ya usiku mmoja. Tatu, ute ni chakula. Ukibaki katika maji yaliyokwisha kusafishwa, huwalisha bakteria wengine ndani ya mabomba na kuitumia klorini iliyokusudiwa kuyalinda maji njiani. Nne, si kila bakteria mtoa ute ni mwema. Wapo wanaougua watu kwa sababu yao, na mtambo wa maji ya kunywa hauwezi kubahatisha.

Bidhaa ya bakteria iliyofika mbali zaidi katika usafishaji wa maji ya kunywa vijijini, kwa kweli, si polisakaridi. Ni asidi ya poliglutamiki, mnyororo wa asidi-amino unaotengenezwa na bakteria wanaochachusha nato, chakula cha soya cha Wajapani. Kampuni moja ya Osaka iliuchanganya unga wake na chumvi za kalisi na kuusambaza, hususan nchini Bangladesh. Namna unavyofanya kazi ni ile ile ya kamba na kalisi, ndiyo maana unastahili kutajwa hapa.

Pale ulipo tayari

Tukiacha magunia, kuna kazi ambayo ute umeifanya mbele ya macho ya dunia. Mwaka 1829 mhandisi James Simpson alijenga chujio kubwa la mchanga huko Chelsea, London. Maji yalipita polepole katika mchanga laini na kutoka yakiwa maangavu. Mchanga peke yake hauna matundu madogo kiasi cha kuzuia bakteria. Kinachowazuia ni utando unaoota juu yake baada ya siku au wiki kadhaa: bakteria, mwani na vijidudu vingine, wote wamefumbatwa katika ute wa polisakaridi. Chembe hunata humo, viini vya maradhi hunata humo, na wakazi wa utando huo huvila.

Ushahidi mkubwa ulipatikana kwa msiba. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani. Mji huo ulikunywa maji ya Mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji uliopakana nao nyumba kwa nyumba, ulichota maji ya mto huo huo, tena upande wa chini, baada ya majitaka ya Hamburg kumwagwa humo; lakini uliyapitisha katika machujio ya mchanga. Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,500. Altona haikunusurika kabisa, lakini waliougua huko walikuwa wachache mno wakilinganishwa na majirani, na Robert Koch, aliyechunguza mkasa huo, alieleza jinsi ugonjwa ulivyofuata mpaka wa mabomba ya maji, si wa hewa wala udongo. Mwaka uliofuata Hamburg ilikuwa na machujio yake.

Upande wa majitaka, mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett wa Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba ukiyapulizia hewa majitaka, ukayaacha yatulie na kulihifadhi tope lililozama badala ya kulitupa, majitaka yanayofuata husafika kwa saa chache. Tope hilo ni mabonge ya bakteria yaliyofungwa kwa ute. Mtambo wa namna hiyo hutegemea ute kwa kila kitu: bonge likiwa imara, huzama na maji safi hubaki juu, ute ukilegea au bakteria wenye umbo la nyuzi wakizidi, bonge huelea, na tope hutoroka pamoja na maji hadi mtoni. Katika mtambo wa Kariobangi jijini Nairobi uliwekwa mfumo mwingine wa zamani, wa majitaka kutiririka juu ya mawe. Hapo ute ndio unaowashikiza bakteria kwenye mawe wasizolewe.

Waholanzi wamekwenda hatua zaidi. Mark van Loosdrecht na wenzake wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft waligundua namna ya kuwalazimisha bakteria wa majitaka kujenga punje ngumu badala ya mabonge malegevu. Huwapa chakula kingi kwa mkupuo, kisha huwanyima, na tope lisilozama upesi huondolewa, hata wakabaki wale wenye ute mgumu tu. Punje hizo huzama kwa kasi kuliko tope la kawaida, kwa hiyo mtambo huhitaji eneo dogo zaidi. Mtambo wa Gansbaai, Afrika Kusini, ni miongoni mwa ya mwanzo duniani kutumia mbinu hiyo kwa majitaka ya mji. Van Loosdrecht alipewa, pamoja na Bruce Rittmann wa Marekani, Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2018.

Punje hizo zimeleta jambo jipya. Tope linalobaki baada ya kazi, ambalo kwa kawaida ni mzigo wa kuchomwa au kuzikwa, lina ute mwingi unaofanana na aljineti. Mwaka 2019 mtambo wa kuutoa ulifunguliwa Zutphen, Uholanzi, kwenye majitaka ya kiwanda cha maziwa, na mwaka uliofuata mwingine ukafunguliwa Epe. Ute huo, uliopewa jina la Kaumera, umejaribiwa katika kilimo na ujenzi. Hapa hesabu imegeuka: bakteria hawanunuliwi sukari, kwa kuwa wanakula majitaka ambayo lazima yasafishwe kwa vyovyote vile. Ikiwa siku moja ute wa bakteria utauzwa kwa bei inayokaribia ya shabu, nadhani utatokea mlango huu na si katika matangi ya sukari.

Upande wa pili wa ute

Ngao hiyo hiyo huwalinda maadui. Kiini cha kipindupindu, Vibrio cholerae, kina polisakaridi yake, na pale kinapoitengeneza kwa wingi, makoloni yake katika maabara huonekana yenye makunyanzi. Viini vya namna hiyo huvumilia klorini kuliko ndugu zao laini. Kenya, iliyokumbwa na mlipuko mwingine wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022, ina sababu ya kulijua hilo. Utando wa ute ndani ya bomba kuukuu, tangi la paa au mtungi ni maficho ambayo tone la klorini halifiki kirahisi; kwa hiyo chombo husuguliwa kwanza, ndipo dawa itiwe.

Kwa jamaa za vijijini, ute wa manufaa umo katika chujio la mchanga la nyumbani, lililobuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, na kuenea katika nchi nyingi tangu miaka ya 1990, Kenya ikiwamo. Utafiti uliofanywa katika bonde la Mto Njoro na kuchapishwa mwaka 2009 uligundua kwamba watoto wa nyumba zenye chujio hilo waliripotiwa kuwa na siku za kuharisha pungufu ya nusu ya zile za watoto wa nyumba zisizo nalo. Maji yao hayakuwa safi kabisa. Viini bado vilikuwamo, ila vichache zaidi.

Chujio hili huharibiwa mara nyingi na watu wenye nia njema. Utando wake huchukua hadi siku 30 kukomaa, na katika muda huo maji yanayotoka hayajawa salama hata yakiwa maangavu. Ni lazima maji ya kina cha sentimita 5 hivi yabaki juu ya mchanga wakati wote, ili bakteria wasikauke na oksijeni iwafikie. Lisitumiwe kwa maji yaliyotiwa klorini, kwani dawa hiyo huwaua watenda kazi wenyewe. Klorini hutiwa katika maji yaliyokwisha kuchujwa, ndani ya chombo cha kuhifadhia. Na maji yakianza kupita kwa uvivu, mchanga hauondolewi wote ukaoshwa kwa sabuni. Hukorogwa sehemu ya juu tu kwa mkono, maji machafu yakachotwa na kumwagwa, kisha ute ukaachwa uote tena.